Mlango wa Fundi Kufuli

Kra! Kra! Ufunguo ulizunguka mara mbili nyuma ya Daktari.

Ndipo tulipomwacha Jumapili iliyopita, na nimesikia wapo wanaonilaani mpaka leo. Nisameheni. Haya, tuingie naye.

Kwa aliyetukuta njiani: Daktari ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mfupi, mwepesi wa miguu, mzito wa kukasirika. Kliniki imefungwa tangu saa nane mchana, na zamu ya kuwafuata wagonjwa majumbani ni yake. Ameitwa ghorofa ya tatu. Sauti ya kiume ilisema kwenye simu, "Mama mkwe wangu ana pumu, hawezi kuhema." Daktari amepanda ngazi mbiombio, amekaribishwa sebuleni, na sasa mwenyeji wake anachomoa ufunguo wa kufuli ya tatu na kuutia mfukoni.

"Mgonjwa yuko wapi?" Daktari aliuliza.

"Amelala chumbani. Hana neno."

"Ulisema hawezi kuhema."

"Nilidanganya."

Mwanamume yule alikuwa mwembamba, lakini mikono yake mikubwa kama ya kuazima kwa mtu mwingine. Kucha zilikuwa nyeusi kwa mafuta ya mashine. Mlango nyuma yake ulikuwa na kufuli tatu, kila moja ya aina yake, zote ziking'aa. Mtaa mzima ulimwita Fundi Kufuli.

Ukutani kwenye kliniki, juu ya meza ya simu, kuna karatasi ya sheria za kutembelea wagonjwa majumbani. Mume wa Daktari ndiye aliyeziandika, yeye ambaye pale kazini kila mtu humwita Mkuu. Gari liegeshwe likiangalia njia ya kutokea. Piga simu ukifika, piga simu ukitoka. Dakika ishirini zikipita kimya, dereva apande. Na ile ya nne, ambayo Daktari aliikariri kama sala: ukiwa ndani, uwe karibu na mlango kuliko mwenye nyumba.

Aliivunja kwa hatua tatu tu, za haraka, za kumkimbilia mgonjwa ambaye hakuwepo.

Simu yake ikalia.

"Pokea," Fundi alisema. "Sema uko salama. Ukisema jingine, tutakaa humu mpaka kesho."

Aliyepiga ni Mama Simu, nesi mstaafu anayekaa mezani na kufuatilia kila daktari aliye nje. "Mwanangu, umefika? Mbona kimya?"

"Nimefika, mama. Mgonjwa anaendelea vizuri." Daktari akamtupia Fundi jicho. "Nimeacha miwani yangu mezani. Naomba unitunzie."

Kule upande wa pili kalamu ikasikika ikikwaruza karatasi.

"Nimeiona, mwanangu. Naitunza." Simu ikakatwa.

Fundi akamtazama. Akainamisha kichwa upande, kama anavyotazama tundu la ufunguo.

"Wewe huvai miwani."

"Ya kusomea."

"Daktari, mimi nakula kwa kutazama vitu vidogo. Mtu wa miwani pua yake ina alama mbili, hapa na hapa. Yako laini kama ya mtoto." Akanyoosha kiganja. "Lete simu."

Akampa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Fundi akavuta kigoda, akakaa mbele ya mlango. Mikono ilikuwa inamtetemeka, na Daktari aliiona. Mtu anayetetemeka anaogopa, na anayeogopa hajulikani atafanya nini.

"Sitakugusa," Fundi alisema. "Nataka jina, basi. Nipe jina uende zako."

"Jina la nani?"

"Miezi minane imepita. Jumapili kama hii, saa kama hizi. Mke wangu alishikwa na pumu. Pampu yake ya kuvuta dawa ilikuwa imekwisha, maduka ya dawa yamefungwa. Nikawapigia nyinyi. Mkaniambia gari linakuja. Na kweli, likaja."

Akanyoosha kidole dirishani.

"Nilisimama pale. Gari jeupe, mstari wa kijani. Likasimama chini kabisa ya dirisha. Giza lilikuwa linaanza kuingia, taa ya ndani ya gari ikawashwa. Nikamwona mtu. Mwanamume, kiti cha nyuma, anasoma karatasi. Nikamwambia mke wangu, vumilia mama, daktari huyo kafika."

Akashusha kidole.

"Taa ikazimwa. Gari likageuka. Likaenda zake."

"Pengine aliitwa kwa dharura nyingine," Daktari alisema, na papo hapo akatamani kuyameza maneno yake.

"Nami nilijiambia hivyo. Nikajiambia pengine anatafuta pa kuegesha. Nikashuka ngazi kama kichaa, nikazunguka jengo zima. Niliporudi, alikuwa ameshakata roho. Mama yake amemshika mkono." Fundi akacheka, kicheko kikavu kisicho na furaha. "Nimekuja kwenu mara nne. Mara ya nne nikaonyeshwa daftari. Limeandikwa: daktari alifika, mlango haukufunguliwa. Mlango wa fundi kufuli haukufunguliwa! Siku ile ulikuwa wazi mpaka majirani wakadhani tunahama!"

Daktari alilitazama dirisha. Mwanamke mmoja, pumu, gari chini ya dirisha. Pumu ya namna ile yeye huimaliza kwa dakika kumi na tano.

"Fundi, wakati huo mimi sikuwa pale. Nilikuwa hospitali nyingine."

"Najua si wewe. Alikuwa mwanamume. Nipe jina lake."

"Silijui."

"Mnalindana."

"Silijui, kaka yangu! Wallahi silijui!"

Fundi akasimama. Kigoda kikaanguka.

Na hapo mlango ukapigwa kishindo hata vumbi likadondoka kwenye fremu.

"Daktari! Fungua! Fungua nasema!"

Alikuwa Breki, dereva wa kliniki, mzee wa miaka sitini aliyepewa jina hilo kwa sababu hukanyaga breki hata akimwona paka upande wa pili wa barabara. Ujumbe wa miwani ulikuwa umemfikia. Alipanda ghorofa tatu na chuma cha jeki mkononi, na sasa alikuwa anakitumia.

Puu! Puu! Puu!

"Niko salama, Breki!" Daktari alipiga kelele. Breki hakusikia. Nani asikie, kelele zote ni zake?

Mlango wa chumbani ukafunguka. Bibi, yule mama mkwe, akatoka, amejifunga khanga kifuani, mkono mmoja ukishika ukuta. Alikuwa na umri wa miaka sabini hivi, mwili umebaki mifupa na macho.

"Wezi?" aliuliza.

"Mama, rudi ukalale," Fundi alisema.

Bibi hakurudi. Alitazama kigoda kilichoanguka, akamtazama mwanamke mgeni mwenye mkoba wa udaktari, akazitazama kufuli tatu. Wazee hawahitaji kuelezwa.

"Umemfungia mtoto wa watu?"

"Mama, nataka jina tu..."

"Umemfungia mtoto wa watu ndani ya nyumba yangu? Kwa jina la mwanangu?" Sauti yake ilipanda. "Mwanangu alikuwa mtu wa kufungia watu? Eh? Nakuuliza! Alikuwa..."

Neno halikutoka. Akashika kifua. Akavuta pumzi, ikaingia kwa mluzi mwembamba kama birika linalochemka chumba cha mbali. Akavuta nyingine. Haikushuka.

Wasomaji wangu, uongo wa Fundi kwenye simu ulikuwa umegeuka kweli.

Daktari hakukumbuka kama alikuwa mateka. Aliruka, akamdaka bibi kabla hajagonga sakafu, akamkalisha kwenye kiti kinyumenyume, kifua kikiegemea mgongo wa kiti.

"Pampu yake iko wapi?"

Fundi alikuwa amesimama kama nguzo.

"Fundi! Pampu!"

Akakimbia chumbani, akarudi, macho yamemtoka. "Imebaki tupu. Ilikuwa... nilikuwa ninunue kesho."

"Ninayo. Lete chupa ya maji ya plastiki na kisu."

Fundi akaleta. Daktari akakata kitako cha chupa, akafunika ukingo kwa plasta usimkate bibi, akachomeka pampu mdomoni mwa chupa, akamfunika bibi pua na mdomo. "Vuta polepole, bibi. Na nyingine. Usinitazame mimi, tazama sakafu. Na nyingine."

Huko nje Breki aliendelea. Puu! Puu!

Baada ya mipulizo kumi mluzi ulianza kufifia. Fundi akashusha mabega. "Amepoa," alinong'ona. "Alhamdulillahi, amepoa."

Daktari akaweka kifaa chake cha kusikilizia mgongoni kwa bibi. Upande wa kulia. Wa kushoto. Uso wake ukabadilika.

"Hajapoa. Hewa haipiti kabisa. Kifua kinachopiga mluzi bado kinapigana. Kikinyamaza namna hii kimeshindwa." Alikuwa tayari anavunja shingo ya kichupa cha dawa na kuivuta kwa sindano. "Nahitaji mtungi wa oksijeni ulio garini. Fungua mlango. Sasa hivi."

Fundi akaurukia mlango. Kufuli ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, ile ngumu, akaukandamiza ufunguo kwa nguvu zake zote.

Tak.

Akarudisha mkono. Kiganjani palikuwa na nusu ya ufunguo. Nusu nyingine ilibaki ndani.

Kule nje Breki alikuwa ametua kidogo apate kuhema.

"Breki!" Daktari akaitumia nafasi hiyo. "Weka hicho chuma chini! Kimbia garini, leta mtungi wa oksijeni!"

"Daktari, sheria inasema nisikuache pek..."

"Sheria naijua, nimelala nayo kitanda kimoja! Leta mtungi!"

Viatu vya Breki vikashuka ngazi.

Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya kufuli aliyoifunga kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa na koleo dogo, lakini vidole havikumtii. Koleo likaanguka. Akaliokota. Likaanguka tena. Alianza kulia, si kwa sauti, machozi tu yakimwagika kwenye shati.

"Nimemuua na huyu," alisema. "Nimewamaliza wote wawili."

"Fundi, nisikilize." Daktari alisema bila kugeuka, sindano ikiingia polepole kwenye mshipa wa bibi. "Mimi ni mteja. Nimekupigia simu. Ufunguo umenivunjikia mlangoni, mama yangu yuko ndani. Unafanyaje?"

"Daktari, siwezi..."

"Sikukuuliza kama unaweza. Unaanza na nini?"

Fundi akaliangalia tundu la kufuli.

"Mafuta," Fundi alisema. "Tone moja la mafuta."

"Tia."

Akatia.

"Halafu?"

"Kipande cha msumeno wa chuma. Chembamba. Unakiingiza ubavuni mwa ufunguo, meno yanakamata, unavuta."

"Basi vuta. Taratibu, kama una siku nzima."

Midomo ya bibi ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya majivu. Daktari alimshika mkono, akahesabu mapigo, akapuliza dawa tena kwenye ile chupa. Kila pumzi ya bibi sasa ilikuwa fupi kama ya kifaranga. Alikuwa ameshawahi kuona pumzi za namna hiyo. Alijua zinahesabika.

Kwenye ngazi alisikia Breki anapanda, chuma kikigonga ukuta, mzee wa watu akiguna kila ngazi.

"Kimekamata," Fundi alinong'ona. "Usitoke, usitoke... njoo baba, njoo..."

Kipande cha ufunguo kikadondoka sakafuni. Fundi akaingiza waya uliopinda na ncha ya bisibisi, akafumba macho, akasikiliza kwa vidole.

Kra.

Mlango ukafunguka. Breki akaingia na mtungi begani, jasho linamtiririka. Akautua, akamkamata Daktari mkono. "Twende! Mlango umefunguka, twende! Mkoba tutaufuata baadaye!"

Hiyo nayo ni sheria, namba saba.

"Niachie mkono, mzee wangu. Nifungulie huo mtungi."

"Lakini Mkuu kasema..."

"Breki."

Akaufungua.

Dakika moja. Mbili. Tano. Daktari amepiga magoti, sikio mgongoni kwa bibi. Fundi amekaa sakafuni kama mtu anayesubiri hukumu. Breki bado ameshika chuma cha jeki, lakini amesahau cha kukifanyia.

Kisha, mbali sana, kama birika lililorudishwa motoni, mluzi ukarudi.

Daktari akacheka kwa sauti, machozi yakimlengalenga. "Piga, bibi! Piga mluzi! Piga mpaka mtaa wote usikie!"

Baada ya robo saa rangi ilikuwa imerudi midomoni. Bibi akafungua macho, akaitazama ile chupa.

"Nani," aliuliza kwa shida, "kanikatia chupa yangu ya maji?"

Hata Breki alicheka.

Fundi akaja, akaitoa simu mfukoni, akamrudishia Daktari kwa mikono miwili. Hakumtazama usoni. "Waite polisi. Nitakaa hapa hapa. Sikimbii."

"Gari la hospitali kwanza," Daktari alisema. "Mama yako anahitaji kulazwa usiku huu." Akapiga simu moja hiyo, fupi. Kisha akamshika Breki bega, akamtoa nje, pale juu ya ngazi penye taa moja ya njano.

"Miezi minane iliyopita," alisema. "Jumapili jioni. Gari letu lilisimama chini ya jengo hili. Aliendesha nani?"

Breki akavua kofia. Akaivaa. Akaivua tena.

"Daktari, mimi nimebakiza mwaka mmoja nistaafu."

"Sikukuuliza hilo."

Mzee akatazama chini. "Niliendesha mimi. Nilisimama pale pale nilipoegesha leo. Nikamwambia, ni ghorofa ya tatu, nikubebee mkoba? Akawasha taa, akasoma karatasi ya mgonjwa. Akaisoma tena. Akaweka kidole kwenye jina la mgonjwa. Akasema, geuza gari. Nikasema, lakini mgonjwa... Akasema, mtaa huu si salama, geuza gari. Wiki ile ile ndipo zile sheria zilipobandikwa ukutani."

"Alikuwa nani, Breki?"

Breki akainua kidole. Alikuwa anasikiliza.

Chini, mtu alikuwa anapanda. Alipanda ngazi mbilimbili, kisigino cha kulia kikiburuza kidogo. Daktari aliujua mwendo ule. Aliusikia kila jioni kwenye ngazi za nyumba yake.

"Huyo anayepanda," Breki alisema.

Mkuu akatokeza kwenye kona, shati limetoka kwenye suruali, anahema. "Mke wangu! Uko salama? Amekufanya nini?" Akamkumbatia. Daktari alisimama wima kama mlingoti, mikono ubavuni.

Fundi akatoka mlangoni akipangusa mikono yenye mafuta, bisibisi bado katikati ya vidole.

"Wewe ndiye uliyemfungia mke wangu?" Mkuu alifoka. "Polisi wako njiani! Utaozea ndani, mshenzi we!"

Fundi hakuonekana kusikia. Alikuwa anautazama uso wa Mkuu, nusu yake kwenye mwanga wa taa ile ya njano, nusu gizani. Aliutazama kama anavyotazama vitu vidogo, bila haraka.

"Daktari," alisema kwa upole. "Lile jina silihitaji tena."

Akapiga hatua moja mbele. Daktari akajitupa katikati yao, kiganja kwenye kifua cha Fundi. Chini ya kiganja moyo wa Fundi ulikuwa unagonga kama Breki na chuma chake.

"Usifanye," alimwambia. "Mama yako anahema. Alishampoteza mwanawe, asikupoteze na wewe."

Na hapo sauti ikatoka sebuleni, dhaifu, imepita kwenye barakoa ya oksijeni.

"Nani huyo anayefoka? Hiyo sauti naijua."

Mkuu akarudi nyuma ngazi moja. Uso wake ulipauka. Katika miaka mitatu ya ndoa, Daktari hakuwahi kumwona mumewe na uso ule.

"Sogea," bibi alisema. "Sogea kwenye mwanga."

Mkuu hakusogea. Lakini mlango ulikuwa wazi, na bibi, kutoka kitini, alikuwa ameshamwona. Akashusha barakoa kwa kidole kimoja.

"Karibu, mkwe wangu."

"Naam, mama," Fundi akageuka haraka. "Niko hapa."

"Sikukuita wewe, baba," bibi alisema, macho hayamtoki Mkuu. "Namwita huyo, mkwe wangu wa kwanza."